Msiba kwa Osnat

Miaka tisa mimi na Osnat tumeshika kipaza sauti kimoja hapa Haifa, yeye kwa Kiebrania, mimi kwa Kiarabu, tukidai vita vikome na kodi za nyumba zishuke. Jumanne mwanawe, mwanajeshi, aliuawa vitani Gaza.

Wenzetu wa chama walinionya, "Rudaina, usiende. Ndugu zake watakutukana."

Nikaenda. Msiba wa Osnat niukose, nina wazimu?

Kwao Wayahudi mgeni hasemi mpaka mfiwa aseme. Nikaketi. Osnat alikuwa kwenye kigoda, shati limechanwa kwenye kola kama ilivyo desturi ya wafiwa wao. Shemeji yake akanikodolea macho.

"Huyu naye kafuata nini?"

Ningemjibu, angejuta. Saa nzima ikapita.

Hatimaye Osnat akaniinulia macho. "Dada yako alipouawa kule Gaza na wanawe, mimi nilikuja kwenu?"

Alinitumia ujumbe wa simu, wenye picha ya ua. Miezi minne umenikwama kooni kama mwiba.

"Hukuja," nikamwambia.

Akainama. "Sasa nimeshachelewa."

"Hujachelewa. Kwetu matanga hayajaanuliwa. Jana ndipo walipompata mtoto wa tatu wa dada yangu chini ya kifusi."