Babu wa Ukutani

Kwa akina binamu yangu Nadhira, kule Kaole, mgeni hapewi maji kabla hajaonyeshwa picha ya ukutani. Ni Nahodha Abdulwahab, babu wa marehemu babu yetu, uso mkavu kama aliyenyimwa chai, shingoni tasbihi nene ya Makka. Alikwenda London enzi za yule malkia mnene, kuwasomesha Wazungu dini. Hakurudi. Ilirudi picha, tena imekatwa kiunoni. Ukiuliza mbona mwalimu wa dini yuko kifua wazi na baridi ile, unaambiwa alikuwa katika ihramu.

Jumamosi wakaja watu wa Mji Mkongwe kuchukua jibu la posa. Msemaji alikuwa Mzee Shamsudin. Yusuf, mwoaji mwenyewe, alisingizia kuwa ni dereva tu. Nadhira alisimama nyuma ya pazia, kucha mdomoni. Wawili alishawakataa kwa ajili ya huyu.

"Sisi mali hatuulizi," alisema Mzee Shamsudin. "Tunauliza nasaba."

Mjomba Salumu, baba yake Nadhira, akanyoosha kidole. "Nasaba ile pale, inakutazameni."

Hapo akaingia Bi Maulida, mtani wetu wa Miono. Mtani hafungiwi mlango, na neno lake halinuniwi. Kwenye matanga ya bibi alijilaza katikati ya waliaji akadai yeye ndiye maiti, na tukacheka.

"Shikamooni wakwe! Mpwa wangu kanionyesha mtandaoni picha za kale za Ulaya, majambazi na watu wa maonyesho. Muuaji wa wake zake, mwanamke mwenye ndevu, pacha walioungana. Huyu anayefuata nikasema, mbona namjua?"

Simu ikapita mkono kwa mkono. Babu yetu, safari hii hadi miguuni: sketi ya manyasi, mnyororo mguuni, nyuma yake tundu la simba. Nikaletewa mimi, msomi wa kidato cha nne, nisome bango la Kiingereza lililo pichani.

"Mla watu kutoka Afrika," nikasoma. "Watoto nusu bei."

"Nusu bei kutazama au kuliwa?" akauliza Maulida.

Tukaangua kicheko, na Mjomba naye, maana atafanyaje?

"Na tasbihi yenu ni meno, jamani! Makka ipi inauza magego?"

Mzee Shamsudin hakucheka. "Bwana Salumu, huyu ni babu yenu?"

Pazia likatulia.

"Simjui," alisema Mjomba.

"Mtazame vizuri."

"Wallahi simjui! Kafiri gani huyo?"

"Na pua yake umeiazima wapi?" Maulida akachombeza.

Mzee Shamsudin akasimama. "Wa kwenye simu na wa ukutani ni mmoja. Sisi tulikuja kwa wajukuu zake. Kama humjui, hatuna nyumba tuliyoijia." Wenzake wakainuka, sambusa hazijaguswa.

Nadhira akatoka kwenye pazia mbele ya wanaume wote. "Baba, ungesema tu ni wetu."

Mjomba alikuwa bado anacheka, kwa kuwa mtani alikuwa bado amesimama pale, na machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu.

Yusuf alibaki nyuma, anavaa viatu polepole. Nadhira akamsogelea. Nikajua kijana ana neno, na kweli alikuwa nalo. Akampita binamu yangu kama nguzo, akamwinamia Maulida.

"Shangazi," alisema, "nirushie ile picha."