Kuteksi ya Mabibi Harusi

Phanuel hupiga gitaa la besi kanisani kwetu Laini Saba, na mwezi huu besi yake ilianza kulia kama nyuki ndani ya chupa.

"Si gitaa," akamwambia Mwalimu Nyamai, kiongozi wa kwaya. "Ni Mourine. Sauti yake inagonga spika inarudi ikitetemeka."

Mourine ni mimi, na si mtu wa kubishana. Nilitazama viatu vyangu. Mwalimu akakuna kichwa. Kwaya ya Kawangware ilikuwa inakuja Jumapili, na hakutaka aibu.

"Mourine, leo kaa nyuma usiimbe. Mambo ya Jumapili tutaona."

Tunaijua "tutaona" ya Mwalimu. Ndiyo iliyomtoa Trizah kwenye kuimba, akawa mpishi wa chai ya kwaya mpaka leo.

Nikakaa nyuma na mdomo wangu nimeufunga. Besi ikalia vilevile.

"Na Mourine hajaimba," Trizah akasema.

"Anapumua," Phanuel akajibu.

Wakati wa chai wote walitoka nje, besi ikabaki imelala kitini. Nikagusa ule uzi mnene. Zzz. Nikaugusa tena, huku nikibonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Nilipofika kwenye daraja, kile chuma cha chini kinachoshika nyuzi, kidole changu kikaangukia skrubu moja ndogo, na zzz ikakatika. Nikatoa kidole, ikarudi. Skrubu ilikuwa imelegea, inacheza.

Kazi yangu ni kupaka watu rangi ya kucha kwenye saluni ya Fatna, karibu na reli, kwa hivyo mkoba wangu haukosi vifaa. Niliikaza kwa ncha ya tupa ya kucha, halafu nikatafuta cha kuigandisha isilegee tena. Nilikuwa na kuteksi mbili. Moja haina rangi. Nyingine ni pinki ya kumetameta, ile wanayopenda mabibi harusi.

Nikachukua ya mabibi harusi. Na kwa sababu skrubu moja ingeonekana ajabu, nikapaka zote.

Waliporudi, Phanuel akapiga. Uzi ukanguruma safi.

"Mourine, hebu imba," Mwalimu akasema.

Nikaimba. Hakuna nyuki.

"Rudi mbele. Jumapili simama hapo hapo."

Ndipo Phanuel akainama, akaona. "Nani ameweka hii takataka kwa gitaa yangu?"

"Ikwangue basi," Trizah akamwambia. "Tusikie."

Akatoa ufunguo mfukoni. Akamtazama Mwalimu, akanitazama mimi, akaurudisha ufunguo.

Jumapili niliimba mbele, na Austin, mpiga besi wa Kawangware, hakuondoa macho kwenye ile pinki.

"Niaje, boss. Hiyo rangi ni ya nini?"

"Inatuliza sauti," Phanuel akasema bila kupepesa macho. "Lakini si ya kila mtu."

Nikakohoa.

Siku chache baadaye Austin akatokea kwa Fatna, besi mgongoni, ameelekezwa na Trizah. Akanong'ona kwamba anataka ile rangi ya Phanuel.

"Kwani yako inalia?" nikamuuliza.

"Hapana. Iko sawa tu."

Nikafungua chupa taratibu. "Hii huwa haishiki kama mpigaji mwenyewe hajapakwa kucha."

Akaangalia mlangoni kama kuna mtu wa kwaya yao. Halafu akavuta kiti, akanipa mkono wa kushoto.