Kadi Zisizo na Matundu

Mwongozo mpya ulipoletwa shuleni, ulifuatana na sanduku la kadi zilizochorwa majani ya rangi, na imani kwamba mtoto hujifunza kwa macho kabla ya kujifunza kwa kitu kingine chochote. Nani aliichunguza imani hiyo, na kwa macho ya nani, mwongozo haukusema. Ulisema tu kwamba irabu zitaandikwa kwa rangi, hesabu zitafundishwa kwa rangi, na mtoto wa darasa la kwanza atakayeshindwa kutenganisha majani ya kijani na majani mekundu atahesabiwa kuwa hajawa tayari kusoma.

Mwalimu wa darasa la kwanza aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Tangu azaliwe, kijani na nyekundu zilikuwa kwake rangi moja, ya tope lililokauka.

Waraka uliofuata uliwataka walimu wa madarasa ya chini watie saini kuthibitisha kwamba macho yao yanatambua rangi zote. Alitia saini. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya shule, cherehani ya mkewe ilisimama penye dirisha la nyumba hiyo, na atakayebainika kusema uongo, waraka ulieleza kwa herufi nzito, ataachishwa kazi.

Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyetafuta njia. Alizichukua kadi moja baada ya nyingine akazichoma pembeni kwa sindano: tundu moja kwa nyekundu, mawili kwa kijani. Chaki nazo alizitia alama kwa wembe.

"Macho yako yamegoma," alisema huku akikata uzi kwa meno. "Basi dole gumba lishike zamu. Mradi lisiote sugu."

Kila asubuhi alimtolea shati na soksi. Mara moja tu, alipokwenda kumuuguza mama yake, mwalimu alijivalisha mwenyewe. Mwalimu wa darasa la pili alimtazama miguuni mpaka chai yake ikapoa.

"Soksi moja inasema nenda, nyingine inasema simama. Wewe mwenzetu umeamuaje?"

"Nawaonyesha watoto mfano."

Chumba kizima cha walimu kilicheka. Yeye alikwenda chooni akatapika.

Hivyo ndivyo alivyoishi. Kabla ya kujibu swali lolote, hata la kuulizwa sokoni kama nyanya hizi zimeiva, alimtazama mtu usoni kwanza ili aone ni jibu gani linalongojwa. Watu waliuita upole.

Kisha mwana wa dada yake akaandikishwa darasa la kwanza.

Mtoto huyo alijua kusoma tayari. Alisoma vipande vya gazeti vilivyofungia sabuni, na onyo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Lakini jaribio la majani, lililosimamiwa na mwalimu mkuu, lilimshinda kabisa: aliyarundika majani yote pamoja akasema amemaliza. Jina lake likaandikwa. Mkaguzi angekuja kuthibitisha, na akithibitisha, mtoto angehamishiwa darasa la maandalizi, yaani chumba cha nyuma ya stoo, chenye madirisha yanayotazama ukuta, ambamo watoto walishinda wakipanga vifuniko vya chupa. Tangu mwongozo uje, hajaonekana mtoto aliyerudi kutoka humo.

Dada yake alikuja nyumbani akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Mdogo wangu, unajua mwanangu ana nini."

"Dada, mimi si daktari."

"Wala sikukuita daktari. Baba alikuwa akikutuma pilipili mbivu unaleta mbichi, ukachapwa mpaka ukajifunza kuzibonyeza. Nilikuwepo. Mtoto amekuchukua wewe mzimamzima, hata kichogo."

Cherehani ilinyamaza.

"Nikisema, natoka hapa na godoro kichwani."

"Nani kakwambia useme? Hapo darasani sijui unafanyaje, ila unafanya. Mfundishe."

Akamfundisha. Mtoto alielewa alasiri hiyo hiyo, kwa wepesi uliomtia mwalimu huzuni. Tundu moja, nyekundu. Mawili, kijani.

"Mjomba, kwani zina tofauti kweli, au watu wamekubaliana tu?"

"Wamekubaliana."

"Na sisi hawakutuita?"

"Hawakutuita. Na usimwambie mtu, hata mwenzako wa dawati."

Siku zilizofuata mtoto aliacha kusoma kwa sauti. Mke wa mjomba wake alipomuuliza kama ameshiba, hakujibu mpaka alipoinua macho na kuupekua uso wake. Mwalimu aliuona mtazamo ule, akaujua kuwa ni wake. Alikuwa akitaka kumwokoa mtoto na chumba cha nyuma ya stoo, na kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa kilikuwa woga wake mwenyewe.

Mkaguzi alifika asubuhi yenye manyunyu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya mpira visivyotoa mlio na sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Hakuwa mtu mbaya, na jambo hilo lilimnyima mwalimu hata faraja ya kumchukia. Wanafunzi wengine walitolewa nje. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni. Mwalimu akaziweka mezani kadi za darasa, matundu yake yakiwa chini ya kidole.

"Hizo zimechakaa, mwalimu," mkaguzi alisema. "Nimekuja na zangu."

Zake zilikuwa za plastiki, laini kama kigae. Alizitandaza juu ya dawati.

"Haya, mwanangu. Niokotee majani ya kijani peke yake. Usiogope."

Mtoto aliokota kadi. Dole gumba likaenda pembeni, likapapasa. Likaenda pembe ya pili. Akaigeuza kadi, akapapasa upande wa nyuma. Kisha akainua macho akaupekua uso wa mkaguzi, asiambulie humo ila upole. Akamgeukia mjomba wake.

Wazo la kukohoa ili kumpa ishara lilimjia mwalimu, likafa palepale: kwake pia majani yale yalikuwa tope tupu, na hata angekuwa na kifua kikuu asingejua akohoe kwenye kadi ipi.

"Mnamfundishaje huyu?" mkaguzi aliuliza taratibu. "Anapapasa kama asiyeona." Akafungua kalamu.

Mwalimu alifikiria cherehani. Alifikiria godoro. Mtoto alikuwa bado anamtazama, akingoja ajue aone nini, na ilikuwa dhahiri kwamba angengoja hivyo maisha yake yote. Mwalimu akavuta kiti kidogo, akaketi, magoti yakamfika kifuani.

"Naomba nijaribu mimi."

Alizipanga kadi mafungu mawili, polepole, bila kuzipapasa. Mkaguzi aliyatazama mafungu yale kwa muda mrefu.

"Mwalimu, huu ni mzaha?"

"Sina kipaji hicho."

"Lakini umechanganya. Hili jekundu, hili la kijani, hili jekundu…"

"Nimepanga ninavyoona. Mtoto ni wa dada yangu. Sisi tunaona hivi. Mpe kitu asome, ndipo uandike kwamba hayuko tayari."

"Ulitia saini," mwalimu mkuu alisema kutoka mlangoni.

"Nilitia."

Mkaguzi alitafuta cha kusomwa. Kilichokuwa karibu ni mwongozo wenyewe, akampa mtoto ukurasa wa kwanza. Mtoto akasoma bila kukwama kwamba mtoto hujifunza kwa macho kabla ya kitu kingine chochote, akauliza kama aendelee. Mkaguzi alimwambia basi, inatosha. Akalikata kwa mstari jina la mtoto kwenye orodha ya wasio tayari, akaufunua mwongozo mwanzo hadi mwisho.

"Kuna kifungu cha mtoto asiyeona kabisa," alisema. "Cha anayeona vingine, hakuna."

"Cha mwalimu kipo, kwenye waraka," mwalimu mkuu alisema.

"Kipo," mkaguzi alikubali kwa sauti ile ile ya kumbembeleza mgonjwa. "La mtoto nimelimaliza. Lako, mwalimu, sina uwezo nalo."

Akatoka barazani kupiga simu ofisini. Mwalimu alibaki kwenye kile kiti kidogo. Hofu haikumtoka.

Mkaguzi alirudi na simu sikioni, akaokota kadi mbili, akaziinua mbele ya mtoto.

"Ofisini wanauliza wenyewe. Haya mawili, mwanangu, yana tofauti?"

Mtoto aliyatazama majani. Hakumtazama mkaguzi, wala mjomba wake.

"Hayana," alisema.

Mkaguzi alilirudia jibu hilo kwenye simu. Akasikiliza. "Ndiyo," alisema, "na mwalimu pia," kisha akatoka tena, na safari hii akaufunga mlango nyuma yake ili yaliyobaki wasiyasikie.