Watoto Wetu Sote

Mimi ni Ofelia Barraza. Nimefundisha darasa la tatu miaka ishirini na tisa hapa Arizona, na upuuzi nimeuona wa kila aina, ila uliovalishwa suti kama huu, sijawahi. Juni, tulipokuwa likizo, walibomoa kuta tatu. Agosti tukarudi, joto la kuyeyusha lami, tukakuta ukumbi mmoja, watoto mia na kumi na wanne ndani yake, na sisi walimu wanne tumesimama katikati hatujui pa kuweka mikoba.

"Habari ya mwalimu mmoja na darasa lake imekwisha," alisema mwalimu mkuu wetu, Dokta Hollenbeck. "Sasa sisi ni timu, na kila mtoto atakuwa na njia yake binafsi. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Sawa, lakini chawa lazima kwanza ashikwe na mtu. Hilo sikulisema. Kwa mdomo wangu huu nilishaitwa ofisini mara mbili, na nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu.

Sheria ya kwanza ya timu ilikuwa marufuku kusema "mwanafunzi wangu". Ni "wetu". Siku ya pili tu nikateleza. Tanner, mmoja wa sisi wanne, kijana wa miaka ishirini na sita ambaye cheo chake kilikuwa kirefu kuliko uzoefu wake, akanisahihisha mbele za watu.

"Bi Ofelia, ni watoto wetu."

"Haya mdogo wangu, watoto wetu. Na yule wetu aliyejisaidia kwenye chungu cha maua ni wa nani?"

Akacheka, kisha akaandika kitu kwenye kishikwambi chake. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Kila asubuhi saa moja na nusu tulikaa mbele ya skrini kubwa yenye majina ya watoto na rangi zao. Nyekundu maana yake anasaidiwa, njano anaangaliwa, kijani anajiendesha. Rangi zilitoka kwenye vishikwambi, maana kila mtoto alikuwa na chake kinachompimia masomo ya saizi yake. Wenye nyekundu tuliwajadili mpaka mate yakatukauka. Wenye kijani tuliwapigia makofi, tukapita.

Yareli alikuwa kijani tangu Septemba. Mtoto wa miaka minane, mpole, spika za masikioni hazimtoki. Kusoma, asilimia tisini na sita, wiki hadi wiki. Wageni kutoka wilayani wakija, Dokta aliwapeleka moja kwa moja kwenye kiti chake wakajionee mtoto anavyojifunza bila kusumbua mtu.

Mwezi wa Machi, siku ya wazazi, mama yake akaja na sare ya kazini. Graciela anafua mashuka ya hoteli. Tukamketisha upande mmoja wa meza na binti yake, na upande wa pili tukajipanga sisi watano, Dokta na walimu wake wanne, ungedhani mama wa watu kaitwa kituo cha polisi. Tanner akaonyesha grafu. Akaonyesha nyingine. Graciela akasubiri amalize.

"Nani kati yenu ni mwalimu wa mwanangu?"

"Sote, mama," alisema Dokta.

"Nimeelewa. Nani amemsikia akisoma?"

Tanner akanitazama mimi. Mimi nikawatazama wale wawili wengine, nao wakaitazama grafu. Jamani, nilikuwa na hakika ni Tanner. Tanner alikuwa na hakika ni mimi.

"Jumapili nilimwomba anisomee chupa ya dawa ya bibi yake," alisema Graciela. "Akalia."

Akavuta karatasi iliyokuwa mezani, yenye kichwa "Njia Yangu Binafsi", akamsogezea binti yake. "Soma, mwanangu." Yareli akaikodolea macho. Kisha akanyoosha kidole, akabonyeza kona ya juu ya karatasi, akangoja.

Ndipo nilipoelewa, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Kwenye kishikwambi, pale juu pembeni, kuna kitufe cha sauti. Ukikibonyeza, mashine inakusomea. Miezi saba mtoto alikuwa anasikiliza hadithi na kuchagua majibu, na kwa akili zake alichagua vizuri. Kusoma, hajui hata "paka". Na mtihani wa jimbo ulikuwa Aprili. Kwa sheria yetu, asiyejua kusoma anarudia la tatu, na kwenye mtihani huo hakuna kitufe.

Timu ikafanya nini? Ikakutana. Ikakutana tena. Jina lake likatolewa kwenye kijani likawekwa kwenye nyekundu, na Dokta akasifu wepesi wetu wa kuchukua hatua. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na cha kwetu kilikuwa na manahodha watano.

Mimi nikaanza kumchukua wakati wa chakula cha mchana, stoo, katikati ya mabunda ya karatasi za chooni, mimi na yeye na kitabu cha mjusi. Wiki tano. Siku aliyomaliza ukurasa mzima peke yake alinishika mkono.

"Nikifaulu nitakaa na rafiki yangu Itzel darasa la nne?"

"Utakaa naye," nilisema, mpumbavu mimi.

Tanner akaja kunionya kwa upole. Kishikwambi kilikuwa kinaandika kwamba mtoto ameacha njia yake, na takwimu zinaharibika.

"Takwimu zimeshiba, Tanner. Mwenye njaa ni mtoto."

Mei matokeo yakatoka. Alipungukiwa alama kumi na moja. Ningepewa mwezi mmoja zaidi ningemvusha, nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nikasema nataka kumweleza mwenyewe siku ileile.

"Hapana, Bi Ofelia," alisema Dokta. "Habari nzito hutolewa na timu, kwa sauti moja, mama akiwepo." Ikapangwa Alhamisi. Alhamisi Tanner alikuwa na semina ya ushirikiano, ikasogezwa Jumatatu. Na mimi mwenye mdomo nikanyamaza.

Ijumaa, wakati wa mapumziko, nimesimama chini ya turubai la kivuli uwanjani, Yareli akanijia mbio.

"Mwalimu, Itzel ameshaambiwa matokeo yake. Mimi je, nimefaulu?"

Alikuwa anatweta, jasho linamtoka puani. Alama zake nilikuwa nazijua kwa kichwa. Nikafikiria ofisi ya Dokta, nikafikiria ile miaka miwili.

"Timu itakuambia, mwanangu."

"Sawa, mwalimu," alisema, akaenda kumtafuta Tanner.