Mlango wa Uani

Zahanati yetu ina milango miwili. Wa mbele unaangalia barabara. Ukiingia nao unakutana na benchi, kisha meza ya mizani, kisha dirisha la dawa, kisha chumba cha damu, ndipo ufike kwangu, kwa muuguzi wa wajawazito, nikupapase tumbo. Wa uani unapita kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia mashuka, na unakutoa moja kwa moja chumbani kwangu. Mlango huo uliwekwa kwa ajili ya kutolea taka. Sisi tukaugeuza wa ndugu.

Ilikuwa adabu yetu, na sijui nani aliianza. Mama wa mfanyakazi, shemeji wa mfanyakazi, jirani aliyemfaa mfanyakazi msibani, wote walipita uani. Wa nyumbani hapangi foleni, tulisema. Ukimkalisha mama yako mdogo kwenye benchi la mbele, ukoo mzima utakusema kwamba umepata kazi umejisahau. Aliyenung'unika alikuwa mmoja tu, muuguzi wa chumba cha damu, tuliyemwita Mkono Mwepesi kwa sababu watoto hawakuwahi kulia kwa sindano yake. Alisema hao ndugu zenu wananiruka mimi. Tulimcheka, tukamwambia ana wivu tu kwa kuwa hana ndugu wa kumpitisha.

Nina mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, na nyumbani tunamwita Kitinda hata sasa ana ndevu. Ni fundi wa friji. Siku aliyokuja kutengeneza friji letu la chanjo alimaliza kazi, akafunga sanduku lake la vifaa, lakini haondoki. Nikajua ana lake. Akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba akikojoa anaungua. Nilimtania kwamba fundi wa baridi ameungulia wapi, akacheka, nikampa dawa ya kisonono na ikamponya. Lakini mwenye ugonjwa mmoja wa zinaa hupimwa na mingine. Nilimpima mwenyewe. Kaswende hakuwa nayo. Virusi vya UKIMWI alikuwa navyo.

Sikulia mbele yake. Nilimweleza ninavyowaeleza wote, kwamba dawa za kufubaza virusi ukizimeza kila siku, virusi vinapungua mpaka kipimo hakivioni, na ukifika hapo humwambukizi mwenzako. Nikamwambia utaoa, utazaa, utazeeka na kuwa mzee msumbufu. Nilikuwa naamini nilichosema na bado naamini, maana ni kweli kwa wanaozimeza.

Tatizo likawa dirisha la dawa. Liko mbele ya benchi, na benchi lina macho na midomo. Nikamwambia usijali, mimi ni dada yako. Kila mwezi nikawa namchukulia chupa yake, nampa pale uani karibu na tangi, anaitumbukiza kwenye sanduku la vifaa anaondoka. Kwa hiyo hakukaa na mshauri hata siku moja, wala hakutolewa damu ya kuangalia wingi wa virusi, kwa sababu damu hiyo huitoa Mkono Mwepesi na njia ya uani haifiki kwake. Nilimwona anachukua, nikatosheka. Nimewahi kuwa mkali kwa wagonjwa, na wengine nimewaudhi, lakini hakuna ukali ninaoujutia kama nilivyojutia huruma ile.

Alipotaka kuoa nilimbana. Nilimtaka amwambie mchumba wake kabla ya harusi, nami nitakaa nao nisaidie kueleza. Akasema baada ya harusi. Baada ya harusi akasema tumwache mwenzake aizoee nyumba. Ikawa leo, ikawa kesho. Kumwambia mimi sikuruhusiwa. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, niliapa hivyo, na nimewahi kumsema vibaya mwenzangu aliyeivunja. Nikauma ulimi.

Na wifi mwenyewe nilimpenda. Watu husema mawifi ni paka na panya, lakini sisi tulielewana tangu siku ya kwanza, hadi mama akasema lazima mmoja wetu anajifanya. Ni mshonaji wa sare za shule. Jumapili nilikuwa naenda kwake, yeye anapima watoto kwa futi yake ya kitambaa na kuita namba, mimi naziandika kwenye daftari, kwa kuwa mwandiko wake akishauandika hata yeye mwenyewe hawezi kuusoma.

Mimba yake ilipofika miezi mitatu nilimpeleka kwa Mkono Mwepesi, nikasimama mlangoni nimeshika kitasa. Tone moja la virusi, tone moja la kaswende. Kila kipimo kikatoa mstari mmoja, maana yake hana. Nilikwenda chooni, nikafungulia bomba ili nisisikike, nikamshukuru Mungu kwa machozi. Nikaamini kabisa kwamba Kitinda anameza.

Mwezi wa nane mama hupimwa tena, kwa sababu hasi ya mwezi wa tatu ni ya mwezi wa tatu tu. Siku hiyo benchi lilijaa hadi wengine wakakaa sakafuni. Wifi alikuja uani, miguu imevimba, viatu kavishika mkononi. Aliniambia kwamba nikimsimamisha tena atazalia hapo hapo juu ya mashuka yangu, halafu nifue mwenyewe. Nikamlaza. Presha nikapima, tumbo nikapapasa, moyo wa mtoto nikausikia unakwenda vizuri. Ikabaki damu. Kutoka kitandani kwangu hadi chumba cha damu ni hatua kumi na mbili.

Nilijiambia ni kwa sababu ya miguu, na miguu ilikuwa imevimba kweli. Lakini acha niseme ukweli hapa, kwa kuwa sikuusema palipostahili. Niliogopa. Ingetokea mistari miwili, ningetakiwa kumwambia mimi, na angeniuliza nilijua tangu lini. Basi nikaangalia jibu la mwezi wa tatu, nikachukua kalamu, na kwenye kisanduku cha mwezi wa nane nikaandika neno lile lile. Hasi. Nikatia saini. Ukutani juu ya meza yangu pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na aliyeshika brashi siku tulipoandika ni mimi.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Wakunga walisoma kadi, wakaona hasi mara mbili, wakamweka mtoto kifuani kwa mama yake anyonye. Walikuwa na sababu gani ya kushuku mwandiko wa muuguzi mwenzao?

Miezi miwili ya mwanzo mtoto alinenepa, nami kila mtu nilimwambia kafuata shangazi yake. Mwezi wa tatu mstari wa uzito kwenye kadi yake ukalala. Wa nne ukateremka, na mdomoni akawa na utando mweupe. Wifi alisema ni maziwa yameganda. Nilijaribu kuufuta kwa kitambaa safi, haukutoka, na ulipotoka kidogo uliacha damu. Hayo hayakuwa maziwa, ni fangasi, wale ninaowaona kwa watoto wenye virusi. Nilimwambia arudi kesho asubuhi tumpime mtoto vizuri, nikavua aproni, nikamfuata Kitinda kazini kwake.

Nilimwambia fungua sanduku. Alianza kuniuliza kuna nini, akaniangalia usoni, akafungua. Chini ya mabomba ya shaba na mkebe wa skrubu kulikuwa na chupa zimepangwa vizuri, na kila niliyoitikisa ilikuwa imejaa. Aliacha kumeza mwezi wa pili wa ndoa, mkewe asije akamwona. Nikamuuliza kama huzimezi, kila mwezi ulikuwa unakuja kuchukua za nini.

"Ili wewe usijue, dada," alisema.

Sikumpiga. Nilitamani kumpiga, na nilitamani kumbeba mgongoni nilivyokuwa nikimbeba mdogo. Nilimwambia tu kwamba kesho saa nne awe zahanati, na kwamba safari hii atasema kwa mdomo wake.

Asubuhi wifi alitokea uani kama kawaida yake, mtoto begani. Nilimzuia kizingitini, nikamwambia azunguke mbele apange foleni. Alidhani namtania.

"Leo nimekuwa mgeni, wifi?"

Nikasema leo azunguke tu. Alikaa kwenye benchi saa mbili nzima, na kila nilipotoka nje alinitazama bila kuelewa. Mkono Mwepesi alimweleza anachompima, akakubali. Mistari ikawa miwili. Mtoto akatobolewa kisigino, damu yake ikakaushwa kwenye karatasi ipelekwe maabara kubwa. Siku hiyo alilia sana mkononi mwa Mkono Mwepesi.

Kitinda alikuja. Akakaa, akasema yote huku anatazama viatu vyake, kisonono, kipimo, chupa, sanduku. Wifi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa kadi yake ya uzazi kwenye mfuko wa nailoni alimoitunza pamoja na ya mtoto, akaanza kuteremka na kidole, mwezi kwa mwezi, akasimama kwenye kisanduku cha mwezi wa nane.

"Huu mwandiko ni wako," aliniambia. "Ndio huu wa kwenye daftari langu."

Nikasema ni wangu.

"Siku ile ya miguu hukunitoa damu."

Nikasema sikukutoa.

"Na habari za mdogo wako ulikuwa unazijua."

Nikasema nilizijua. Nilikuwa na maneno mengi ya kiapo na ya siri ya mgonjwa, lakini kiapo hakikuniambia niandike uongo kwenye kadi ya mtu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, ningempima siku ile mtoto angekuwaje. Jibu la swali hilo nalifundisha wanafunzi wa uuguzi kila mwaka. Mama anaanza dawa siku hiyo hiyo, mtoto anapewa yake akizaliwa tu, na karibu wote wanaofanyiwa hivyo hawaambukizwi. Nilimjibu hivyo hivyo bila kupunguza neno. Hakulia. Alimfunga mtoto mgongoni akatoka kwa mlango wa mbele.

Majibu ya mtoto yalirudi baada ya wiki tatu. Anavyo.

Niliandika barua kwa mganga mfawidhi wa zahanati nikieleza kisanduku kile. Nikaondolewa kitengo cha wajawazito, nikawekwa meza ya mizani, na shauri langu bado liko mezani kwa wakubwa. Kitinda anameza dawa zake sasa, mbele ya mama, kama mtoto anayesimamiwa chakula. Wifi alibeba cherehani yake akarudi kwao. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwake nilikuwa mimi. Mdogo wangu alikuwepo pia, lakini yeye hakuwa amesomea.

Jumatatu iliyopita wifi alikuja kuchukua dawa, yake ya vidonge na ya mtoto ya maji. Foleni ilifika hadi barabarani, jua kali, mtoto ana homa. Nilishindwa kuvumilia. Nilitoka nikamsogelea, nikamwambia apite uani, mtoto asije akazidiwa.

"Huko nilishapita," alisema, akabaki kwenye foleni.

Ilipofika zamu yake alimvua mtoto nguo mwenyewe, akamlaza kwenye mizani. Nikasoma uzito, nikafungua kadi, nikashika kalamu. Akauzuia mkono wangu. Akainama hadi uso wake ukakaribia mshale, akahakikisha namba kwa macho yake, kisha akauachia.

"Sasa andika, sista."