Futi ya Seremala

Mimi ni fundi wa makochi, na vitabu nilivyozoea ni vya upelelezi. Kwa hiyo binti wa dada yangu aliponiletea hadithi ya mapenzi ya Uingereza ya kale, enzi za magari ya farasi, nilimwambia sina muda wa kusoma watu wakibusiana mikono. Akanibembeleza: mama mdogo, soma kurasa kumi tu, ukichoka nirudishie.

Loo! Kurasa zote kumi nilikuwa nangoja maiti. Hakufa mtu. Kulikuwa na dansi, chai, shangazi mwenye mdomo kama cherehani, na binti mmoja aliyemwambia Lodi mzima, bwana mwenye cheo chake, kwamba anacheza kama aliyekanyaga siafu. Nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Maiti nikawasahau.

Aliyeniudhi ni huyo Lodi. Kila akimtembelea binti anaacha kitu: leo glavu, kesho mwavuli, keshokutwa fimbo. Na binti, pamoja na ujanja wake wote, anamsema kwa usahaulifu. Uvumilivu ukanishinda. Nikakifokea kitabu pale pale dukani, sponji mapajani: "We mjinga! Huyo hasahau, anarudi!"

Nikainua macho. Mezani palikuwa na futi ya seremala.

Seremala ni jirani yangu, tumepakana ukuta. Yeye huunda fremu, mimi huzivisha. Yeye mgane, mimi niliachika. Kila akileta fremu huacha futi yake, na kila akiifuata namtolea maneno: seremala gani wewe, iko siku utasahau kichwa. Yeye hutabasamu tu, akaaga. Na asubuhi hiyo alikuwa anapakia vifaa vyake kwenye lori, anahamia karakana kubwa zaidi, upande wa pili wa mji.

Moyo ukanipiga paa. Nilikuwa nampenda, jamani. Maneno yangu yote yale yalikuwa mapenzi, ila yalitoka yamevaa ndita.

Kule mbele kitabuni, nilipochungulia, binti alingoja mvua, homa na ajali ya farasi ndipo akasema lake. Mimi hapana. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Niliichukua ile futi, nikaiweka kwenye kochi, nikaikalia.

Akaja, kama nilivyojua. Lori linanguruma nje. Akasema ameifuata futi yake, ameisahau tena.

"Umesahau," nikamuuliza, "au umerudi?"

Akatazama viatu vyake. Akatazama kochi, ambalo fremu yake aliiunda mwenyewe. Mtu mzima, kijasho chembamba kinamtoka.

"Nimerudi," akasema. "Mwaka mzima narudi."

Nikamwambia akamwambie dereva azime lori kwanza, halafu aje tukae tuzungumze. Nikainuka, nikampa futi yake mkononi.

Alitoka mbio. Futi akaiacha mezani.