Fundo Moja kwa Nguo Nyeupe

Mashine ya kufulia ilikata roho Jumamosi asubuhi, maji yakiwa bado tumboni mwake na makoti matatu meupe yakielea humo. Ilianza kwa kukoroma, ikanyamaza, kisha ikatoa harufu ya mpira ulioungua. Mama mkwe, ambaye kwa miaka saba hakumwachia mtu mwingine aiguse, aliweka kiganja juu ya kifuniko chake kama mtu ampimaye mtoto homa. Akasubiri kidogo.

"Imechoka, masikini," alisema. "Na mimi siilaumu."

Mwanawe, ambaye kazi yake ilikuwa kupima ardhi na ambaye hakupenda jambo likae bila mpaka, alikuwa na hukumu tayari. "Mama, hiyo imekula chumvi ya kutosha. Tuizike kwa heshima, tulete nyingine."

Mkewe alisimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, kikombe cha chai mkononi. Makoti yale yalikuwa yake. Alikuwa fundi wa meno bandia katika karakana ndogo iliyo nyuma ya kliniki, kazi ya nta, plasta na subira, na kila Jumatatu alitakiwa aingie kazini mweupe pe. Hata meno ya mama mkwe yalitoka mikononi mwake. Bibi yule hakumaliza mlo bila kuyasifu. "Kila nitafunapo nakuombea dua, mwanangu," alizoea kusema, "na mwenyewe unajua jinsi ninavyotafuna."

Mume alikuwa ameshatoa simu. "Tazama hii, Mama. Haina hata swichi moja. Mbele ni kioo kitupu. Unagusa tu, inawaka taa, ikimaliza, inaimba."

"Inaimba nini?"

"Wimbo tu, Mama. Wa kiwandani."

Mama mkwe aliipokea simu kwa mikono miwili, akageukia dirishani penye mwanga. Kabla hajaifikisha usawa wa macho, skrini ilikuwa imejizima yenyewe. Alikitazama kile kioo cheusi kwa muda uliotosha adabu.

"Nzuri sana," akasema. "Inang'aa."

Mkamwana aliliona hilo. Alidhani mama mkwe hana hamu ya mambo ya simu na anaficha kuchoka kwake kwa heshima, basi akaichukua simu mkononi mwake taratibu, akamrudishia mumewe, akauliza kama chai ilikuwa na sukari ya kutosha.

Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe aliitaka mashine mpya, na sababu yake hakuwa amemweleza mtu. Miezi miwili nyuma, koti lake moja lilitoka kwenye mashine likiwa rangi ya waridi, kwa kuwa lilifuliwa pamoja na sweta jekundu la binti yake. Asubuhi ile alikuwa amechelewa, na mtu aliyechelewa ulimi wake hukimbia kuliko miguu. "Mama," alisema, "ulikuwa ukitazama wapi?" Mama mkwe alijibu, "Nisamehe, mwanangu. Akili ilikuwa mbali." Neno likishatoka halirudi, lakini hukaa karibu na aliyelitoa. Tangu siku hiyo kila alipovaa koti jeupe alilisikia. Mashine mpya, aliwaza, ingekuwa namna ya kuomba radhi bila kufungua kinywa.

Hata hivyo makoti matatu hayakuweza kukaa ndani ya maji hadi duka lifunguliwe Jumatatu. Akamwita fundi ayatoe, na kama itawezekana amweleze ugonjwa wa marehemu.

Fundi huyo watu walimwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno alilomwambia kila msumari wa skrubu kabla ya kuugusa na bisibisi. Alifika saa nane mchana. Akayatoa maji kwa mpira hadi kwenye ndoo, akamkabidhi mkamwana makoti katika beseni, akaigeuza mashine ubavu kama mkunga, akatazama chini yake kwa muda mrefu.

"Mama, nikwambie ukweli au nikwambie biashara?" akamwuliza mkamwana.

"Ukweli. Biashara nitaisikia kwenye bei."

Fundi alicheka. "Kaboni za mota zimekwisha kabisa. Mkanda umelegea, ndio huo uliokuwa unanuka. Na beringi inaanza kulalamika, ingawa bado haijalia. Vyote hivyo vinatengenezeka. Lakini mashine ya umri huu ni kama nguo kuukuu: unashona hapa, kesho inaachia pale. Nikiitengeneza itakupa miaka miwili, labda mitatu. Kiapo sili. Ingekuwa ya dada yangu, ningemwambia anunue mpya."

"Basi umenirahisishia," alisema mkamwana, akapumua.

"Ngoja nifunge nilipofungua. Kitu hakiachwi uchi hata kama kinakwenda kutupwa." Akaanza kurudisha swichi ya kuzungusha, ile ya kuchagulia aina ya nguo, kisha akasita. "Hapa mlikuwa na mtoto mtundu. Nani kadondosha gundi?"

Mkamwana aliinama. Pembezoni mwa swichi, juu ya maandishi, palikuwa na vitone vidogo vya gundi iliyokauka, visivyo na rangi, ambavyo jicho lingeweza kuvipita miaka saba bila kuviona. Alinyoosha mkono avikwangue kwa ukucha. Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yake kazini na nyumbani: kilichochomoza alikisawazisha. Jino bandia lenye kijikwaruzo kisichozidi punje ya chumvi humjeruhi mtu ufizi mwezi mzima, na kijikwaruzo hicho hakionekani kwa macho ya mtu yeyote. Hutafutwa kwa ncha ya kidole, macho yakiwa yamefumbwa.

Kwa mazoea hayo, kidole kilipogusa gundi, macho yake yalijifumba.

Kitone kimoja. Nafasi. Vitone viwili, vimekaa pamoja kama mapacha. Nafasi. Vitone vitatu. Vilikuwa vimepangwa sawasawa, kwa mkono uliojua unachofanya. Alifumbua macho akasoma maandishi yaliyokuwa chini yake. Kitone kimoja kilikuwa kwenye nguo nyeupe. Viwili, kwenye nguo za rangi. Vitatu, kwenye mashuka na taulo.

"Si mtoto," alisema polepole.

Alitazama rafu. Chupa ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ilikuwa imefungwa mpira mmoja wa ofisini shingoni. Chupa ya sabuni ya nguo za rangi ilikuwa na mipira miwili. Muda wote huo aliiona mipira ile na kudhani mama mkwe anaitunza, kwa vile watu wa umri wake hawatupi kitu.

Ndipo alipokumbuka mafundo.

Yalikuwa mafundo madogo ya uzi, yaliyoshonwa ndani ya ukosi wa makoti yake. Yalikuwa yakimkera shingoni. Alidhani ni masalio ya cherehani, na Jumapili moja alikaa na mkasi mdogo akayakata yote, koti baada ya koti, akapitisha kidole kuhakikisha pamekuwa laini. Wiki iliyofuata koti likatoka rangi ya waridi, na yeye akauliza mtu alikuwa akitazama wapi.

Alipiga magoti kando ya beseni, akatoa koti la kwanza likichuruzika, akapapasa ukosi. Laini. Akapapasa mishono ya mabega, mikono, akashuka hadi kwenye pindo la chini kabisa, mahali ambapo koti haligusi mwili wa mtu. Fundo lilikuwa pale. Moja. Koti la pili, mahali palepale, moja. La tatu vilevile. Mama mkwe alikuwa ameyahamisha mahali yasipoweza kumkera, na hakusema neno.

Fundi Taratibu alikuwa mtu mzima. Alijifanya anatafuta skrubu.

"Nani hufua hapa?" aliuliza baadaye kidogo, macho yakiwa sakafuni.

"Mama mkwe wangu."

"Nina mjomba wangu alikuwa fundi saa. Mwishoni alikuwa anatengeneza kwa masikio." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Na hizi mpya za kioo, mbele ni laini kama yai. Kidole hakipati pa kushika."

"Itengeneze hii," alisema mkamwana.

"Nimekwambia kiapo sili."

"Sikuombi kiapo. Nakuomba miaka miwili."

Mume alipoingia na kuona mota sakafuni, alishika kiuno. "Hatukuelewana tuizike?"

"Mgonjwa amekataa kufa."

"Na fundi anasemaje?"

"Fundi anasema inatengenezeka," alijibu Taratibu bila kugeuka, na katika yote aliyoyasema siku hiyo, hilo ndilo alilolisema kwa haraka.

"Mume wangu," alisema mkamwana, "katika nyumba hii mwenye kuvaa nyeupe ni mimi. Niachie hili. Sababu nitakueleza nikipewa ruhusa na mwenyewe." Mume alimtazama mkewe aliyepiga magoti katikati ya maji, koti limekumbatiwa kifuani na nguo zake zimelowa. Alikuwa amemwoa miaka kumi na mmoja, na alijua mpaka gani haupimwi kwa kamba. Akaenda kutafuta kitambaa cha kukaushia sakafu.

Jumatatu alasiri mashine ilinguruma tena. Mama mkwe aliisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho ameketi kwenye kiti chake kidogo, mikono juu ya magoti, na ilipotulia alisema, "Sauti imerudi ya ujana. Mwambieni yule fundi Mungu amzidishie vidole."

Mkamwana alikuwa amerudi kutoka kazini na koti jipya, alilopewa badala ya lile lililoharibika. Kabla ya kulileta kwenye chumba cha kufulia, alikuwa amejifungia chumbani na sindano. Alishona fundo ndani ya ukosi. Kisha, kama fundi asiyeamini kazi ya mara moja, akaongeza jingine ubavuni mwake ili lisije likafumuka.

"Mama, nimeleta koti la kuongeza kwenye nguo za kesho."

Mama mkwe alilipokea. Mkono wake ulishuka wenyewe kuelekea pindo la chini, ukatafuta, haukupata. Ukapanda polepole mshono kwa mshono hadi kwenye ukosi, na hapo ukasimama. Ndani ya mashine tone moja la maji lilidondoka, kisha jingine.

"Pale chini ni mbali kwa mkono," alisema mkamwana. "Ukosini ni karibu. Shingo yangu itazoea."

"Umejua lini?"

"Juzi. Nilipaswa kujua zamani, Mama, na sikujua. Tangu lini?"

"Jicho la kushoto lilikwenda mwaka juzi. Hili la kulia linanipa vivuli, na saa za jua kali linanipa na rangi kidogo. Nguo mpya ikija namwita mjukuu wangu, namwuliza, 'Rangi hii shuleni kwenu mnaiitaje?' Ananijibu huku ananihurumia kwamba sikusoma." Alitabasamu, na meno yalionekana, yamepangika vizuri. "Mgeni siku mbili, mwanangu, siku ya tatu mpe jembe. Nilipokuja kukaa kwenu mlinipa jembe hili lenye swichi ya kuzungusha, nikashukuru. Ningesema sioni, mngeninyang'anya. Si kwa ubaya. Mngeninyang'anya kwa huruma, na huruma haina pa kukatia rufaa."

Mkamwana aliketi sakafuni, mgongo kwenye ubavu wa mashine uliokuwa bado na joto. Alikuwa ameandaa maneno mengi kuhusu ile asubuhi ya koti la waridi, lakini akaanzia kwingine.

"Miaka saba," alisema, "sijawahi kuamka Jumatatu nikakosa koti safi. Hata wiki niliyojifungua yalikuwa yamepigwa pasi yananingoja, na mimi siendi popote. Sikuwahi kukushukuru. Nilidhani yanafuliwa na mashine. Asante, Mama. Na siku ile nilikuuliza swali ambalo halikuwa lako. Mafundo niliyakata mimi."

"Nilijua. Niliyatafuta nikakuta pamepigwa msasa kama meno yangu haya." Mama mkwe alinyoosha mkono, akakipata kichwa cha mkamwana bila kukitafuta. "Mtu aliyenirudishia kutafuna nyama, nitamwekea kinyongo cha uzi?"

"Basi nikubalie jambo moja. Twende kwa daktari wa macho. Si kwa ajili ya kukunyang'anya kitu. Ili hivyo vivuli vibaki."

"Alhamisi," alisema mama mkwe baada ya kufikiri. "Jumatano ni siku ya mashuka."

"Na mwanao nimwambie?"

"Nitamwambia mwenyewe, akiwa anakula. Akiwa na chakula kinywani hawezi kutoa hukumu."

Walicheka wote wawili. Kisha vidole vya mama mkwe vikarudi ukosini, vikapapasa tena pale paliposhonwa, na uso wake ukawa wa mwalimu aliyeona kosa kwenye daftari la mwanafunzi anayempenda.

"Ila mwanangu, hapa umeshona mawili."

"Nilitaka liwe imara."

"Kwa mkono wangu mawili ni rangi. Ningelitia pamoja na masweta." Akamnyooshea koti. "Lete ule mkasi wako mdogo. Safari hii kata nitakapokuonyesha."

Mkamwana aliuleta. Mama mkwe akashika ukosi kwa kidole gumba na cha shahada, akalitenga fundo moja na mwenzake, akalishikilia lionekane.

"Hili ndilo la kubaki," alisema. "Hilo jingine, taratibu."